Kaboni ya Bahari ya Ross: ikishanaswa na mwani, inaishia wapi? (uzi wa hesabu na vipimo)

Mkondo_Baridi

Wakuu, salaam. Kila mada ya bahari za ncha za dunia inapoguswa humu, mtu huleta picha ya setelaiti yenye maji ya kijani na hukumu hutoka papo hapo: bahari imemeza hewa ukaa, kazi imekwisha. Picha ile inaonyesha klorofili ya maji ya juu tu. Haisemi kaboni ilizama kina gani, wala itarudi lini. Tuifuatilie hapa hatua kwa hatua, na mfano wetu uwe Bahari ya Ross, kusini ya New Zealand, kwa sababu hakuna sehemu ya ukingo wa bara la Antaktika inayozalisha mwani kuizidi, na imepimwa kwa miongo kadhaa.

Mazingira kwanza. Majira ya baridi bahari hiyo hufunikwa na barafu isipokuwa kwenye polinya, yaani maji wazi yanayobaki hivyo kwa sababu upepo unaisukuma barafu kila inapoganda. Polinya kubwa iko mbele ya ukuta wa barafu wa Ross. Ndogo iko Ghuba ya Terra Nova, ambako upepo mzito unateremka kutoka barani, na ulimi wa barafu wa Drygalski unaizuia barafu ya kusini isiingie. Virutubisho vipo tele: nitrati ya mwisho wa baridi ni kama mikromoli 31 kwa lita. Kinachokosekana ni mwanga, na baadaye madini ya chuma.

Mwanga ukitosha Novemba, wa kwanza kushika maji ni Phaeocystis antarctica: seli ndogo zinazoishi kwa makundi ndani ya tonge la ute. Inavumilia maji yanayochanganyika kwa kina, ambamo seli hupanda kwenye mwanga na kushuka gizani. Kuanzia Desemba hadi Januari barafu inayoyeyuka huweka tabaka jepesi juu, hasa upande wa magharibi, na hapo diatomu, wenye ganda la silika, wanachukua nafasi.

Tofauti yao inabadilisha hesabu nzima. Kevin Arrigo na wenzake walichapisha 1999 vipimo vilivyoonyesha kwamba kwa kila moli ya fosfati inayotumika, Phaeocystis hunasa takriban moli 147 za kaboni na diatomu takriban 94. Uwiano wa Redfield wa darasani ni 106. Ukiutumia kwa maji yote, kaboni ya Phaeocystis utaipunja zaidi ya robo, na ya diatomu utaizidisha zaidi ya moja ya kumi. Kwa hiyo kabla ya hesabu yoyote, tazama kwenye hadubini ni nani yumo majini.

Binti_Mawimbi

Asante mkuu kwa uzi. Nimesoma kwamba mwani ukifikia kilele, shinikizo la hewa ukaa ndani ya maji linashuka chini ya mikroatimosfia 200, wakati angani limepita 400. Pengo hilo si linajazwa na hewa siku hiyo hiyo? Maji ya baridi si ndiyo yanayoyeyusha gesi vizuri zaidi?

Mkondo_Baridi

Dada, kuyeyusha ni kweli: maji ya 0°C hubeba zaidi ya mara mbili ya hewa ukaa ambayo maji ya 25°C yangebeba kwa shinikizo lile lile. Kasi ndiyo haipo. Gesi ikiingia majini, sehemu kubwa sana hugeuka bikabonati, na inayobaki kama gesi ni karibu asilimia 1 tu ya kaboni yote iliyoyeyuka. Ili shinikizo lipande kidogo, lazima kaboni nyingi iingie kwanza. Oksijeni husawazika na hewa kwa wiki chache, lakini hewa ukaa katika tabaka la makumi ya mita huhitaji miezi mingi, pengine mwaka.

Sasa Bahari ya Ross ina miezi michache tu ya maji wazi. Machi barafu inafunga, pengo likiwa halijajaa. Baridi ikizidi, maji ya juu yanachanganyika na ya chini yenye hewa ukaa nyingi, na shinikizo linapanda tena chini ya kifuniko cha barafu bila kupata njia ya kutoka. Kwa mpangilio huo kiangazi huingiza na baridi haitoi sana. Barafu ikipasuka mapema kabla mwani haujashika maji, gesi hiyo inatoka. Ndiyo maana tarehe ya barafu kufunguka ina uzito sawa na wingi wa mwani.

Chupa_Niskin

Kabla hatujafika mbali, niweke la vipimo, maana data mbovu huanzia kwenye chupa.

Chupa kubwa ya kuchotea maji ya kina ikitoka majini, chota oksijeni kwanza, ifuatie kaboni iliyoyeyuka na ualkali (uwezo wa maji wa kuzimua asidi), kisha virutubisho, chumvi mwisho. Kwa kaboni tumia chupa ya kioo cha borosilikati ya mililita 500. Mpira wa silikoni ufike chini kabisa ya chupa, maji yajae taratibu bila kiputo, na yafurike angalau ujazo mmoja mzima. Kisha toa karibu mililita 5 juu ili ibaki nafasi ya asilimia 1. Tia mikrolita 100 za myeyusho ulioshiba wa kloridi ya zebaki kuua viumbe vyote, paka grisi kwenye kizibo, kaza, tikisa, weka gizani.

Ile nafasi ya asilimia 1 ndiyo wageni wanaisahau. Maji yameingia kwa −1.8°C na maabara ina 20°C, hivyo yanatanuka. Chupa iliyojazwa pomoni inasukuma kizibo usiku, hewa inaingia, na kaboni yako imeharibika bila dalili yoyote ya nje. Kwa upande mwingine nafasi ikiwa kubwa, gesi inahamia humo. Zebaki nayo ni sumu: glavu wakati wote, na mabaki kwenye chombo chake, kamwe si kwenye sinki.

Kwa kaboni ya chembechembe, chuja kwa karatasi ya nyuzi za kioo ya mikromita 0.7 iliyochomwa 450°C kwa saa 4. Phaeocystis ikiwa imeshamiri, mililita 250 zinatosha, kwani ute unaziba karatasi. Hapo watu huongeza mvuto wa pampu. Usifanye hivyo. Mvuto ukivuka takriban milimita 150 za zebaki (kipimo cha shinikizo), matonge yanapasuka, kaboni inapita na maji kwenda chini, na utaandika kwamba mwani ulikuwa haba. Weka pia karatasi tupu zilizopitishiwa maji yaliyokwisha kuchujwa, kwa sababu kaboni iliyoyeyuka hunata kwenye nyuzi na kuongeza namba. Mwishoni karatasi zote zikae kwenye mvuke wa asidi ya hidrokloriki kuondoa kabonati kabla ya kwenda kwenye mashine.

Mzee_wa_Nitrati

Chupa_Niskin amemaliza, sasa hesabu. Swali ni mwani umeondoa kaboni kiasi gani tangu baridi iishe. Meli chache mno huingia huko Julai, kwa hiyo tunatafuta baridi ndani ya maji yenyewe: chini ya tabaka la kiangazi hubaki maji ya karibu −1.8°C ambayo hayajaguswa na jua. Hayo ndiyo kianzio.

Tuchukue kituo cha mfano. Maji ya baridi: chumvi 34.4, nitrati 31, kaboni iliyoyeyuka 2220. Tabaka la juu lenye mita 40: chumvi 33.6, nitrati 18, kaboni 2087. (Nitrati na kaboni ni mikromoli kwa kilo.)

Anayekimbia atatoa 2087 kutoka 2220 na kutangaza kwamba mwani umenasa 133. Chumvi inamkatalia. Imeshuka kutoka 34.4 hadi 33.6 kwa sababu barafu iliyoyeyuka imezimua maji, na kuzimua kumepunguza kaboni bila mwani kufanya lolote. Zidisha kila kipimo cha juu kwa 34.4/33.6. Kaboni inakuwa 2136.7, kwa hiyo iliyopungua kweli ni 83. Nitrati inakuwa 18.43, iliyopungua ni 12.57, na ukizidisha kwa 6.6 (moli za kaboni kwa kila moli ya nitrati katika uwiano wa Redfield) unapata 83 vilevile. Bila sahihisho la chumvi ungekuwa umezidisha kazi ya mwani kwa asilimia 60.

Nitrati haiumizwi hivyo na kuzimua: kosa lingekuwa 13 badala ya 12.57. Sababu ni kwamba mwani unakula sehemu kubwa ya nitrati, lakini kaboni inapungua asilimia chache tu ya bwawa kubwa mno. Ndiyo maana mimi huianza kazi na nitrati, kisha kaboni inakuja kuithibitisha.

Kwa eneo: milimoli 12.57 kwa mita ya ujazo, mara mita 40, mara 6.6, ni moli 3.3 za kaboni kwa mita ya mraba, yaani karibu gramu 40. Nimetumia 6.6 kurahisisha mfano. Kwenye kituo halisi uwiano upate kutoka kwa data yako, kwa sababu alizotaja Mkondo_Baridi. Na kama upande wa kaboni unatoa pungufu kuliko upande wa nitrati, tofauti hiyo mara nyingi ni hewa ukaa iliyokwisha kuingia kutoka angani.

Binti_Mawimbi

Mzee wangu, shikamoo. Barafu ya bahari si maji matupu, ina chumvi yake. Na nimeona wanataja fuwele za ikaiti ndani yake. Sahihisho lako linazihesabu?

Mzee_wa_Nitrati

Marahaba binti. Sahihisho la kawaida halizioni kabisa, na swali lako ni la maana. Barafu inapoganda, maji ya chumvi kali yanabanwa kwenye vishimo vyake na kabonati ya kalsiamu yenye maji sita, ndiyo ikaiti, inajitenga. Fuwele zinabaki ndani, hewa ukaa inaondoka na maji ya chumvi kwenda chini. Kiangazi zinayeyuka na kumwaga ualkali juu, na shinikizo la hewa ukaa linashuka bila jani moja la mwani.

Njia ya kuzinasa ni ualkali. Sahihisha chumvi kwanza. Mwani ukila nitrati 12.6, ualkali unapanda 12.6. Kama umeona umepanda 40, zilizobaki ni kama 27. Gawanya kwa 2, kwa kuwa kila moli ya kabonati inatoa ualkali mara mbili: fuwele zimerudisha kaboni karibu 14. Basi mwani ulinasa 83 jumlisha 14. Asiyepima ualkali pale barafu inapoyeyuka anafanya nusu ya kazi.

Kina500

Hadi hapa mnaongelea kaboni iliyonaswa. Mimi nataka ile iliyozama, maana mwani unaoliwa na kupumuliwa kwenye mita 50 za juu umerudisha kila kitu palepale.

Kipimo cha kuanzia ni mkunjo wa Martin: kaboni inayozama hupungua kadiri ya kina; gawanya kina kwa mita 100, pandisha kwa kipeo cha −0.858, kisha zidisha kwa kiasi kilichopita mita 100. Chukua kilichopita mita 100 kuwa 100. Mita 200 inafika 55, mita 500 inafika 25, mita 1000 inafika 14. Kina cha wastani cha ukingo wa Bahari ya Ross ni kama mita 500, hivyo robo hivi inagusa sakafu, na bakteria na wanyama wa chini wanaifanyia kazi tena. Inayozikwa kwenye tope kwa kudumu ni chini ya asilimia 1 ya iliyozalishwa. Silika ya diatomu inazikwa vizuri zaidi mara nyingi, ndiyo maana tope la pale limejaa maganda lakini lina kaboni haba.

Kipeo hicho ni wastani. Kinyesi cha krili (wanyama wadogo wa bahari, jamaa wa kamba) kinashuka mamia ya mita kwa siku, seli moja moja karibu hazishuki kabisa. Na hapa nisahihishe lisemwalo sana: krili wa ukingo wa Ross kwa wingi ni wale wadogo wa barafu, Euphausia crystallorophias. Yule mkubwa, Euphausia superba, hukaa zaidi kaskazini, penye mteremko wa kwenda kilindini. Takwimu za Rasi ya Antaktika, ambako yeye ndiye mtawala, usizihamishie huku.

Mzee_wa_Nitrati

Kina500, na Phaeocystis je? Kuna wanaosema inazama yenyewe mapema, haingoji mlaji.

Kina500

Mzee, DiTullio na wenzake walichapisha mwaka 2000 ushahidi kwamba matonge yake huzama haraka na mapema msimu, kabla wala-mwani hawajaongezeka. Nakubali hutokea. Sikubali kulifanya kanuni ya kila mwaka. Ute huo ni chakula kizuri cha bakteria, na tonge likipasuka seli zinarudi kuelea. Chuma kikiisha ghafla au upepo ukisukuma matonge chini, yanazama kwa wingi. Msimu ukiwa mtulivu, mengi yanaishia juu.

Kwa hiyo pima. Mtego wa kuning'iniza una shida mbili: mkondo unapindisha chembe zisiingie, na wanyama wanaogelea wenyewe kuingia kisha wanakufa ndani ya formalini, dawa ya kuhifadhia sampuli. Konokono waogeleao wa Limacina wakihesabiwa kama kaboni iliyozama, namba inapaa. Lazima wachambuliwe mmoja mmoja chini ya hadubini.

Mimi naegemea thoriamu 234, elementi yenye mionzi. Inazaliwa na yuraniamu 238 iliyoyeyuka, inanata kwenye chembe, na nusu-maisha yake ni siku 24.1, sawasawa na mwendo wa msimu wa mwani. Yuraniamu huna haja ya kuipima: zidisha chumvi kwa 0.0786, toa 0.315. Kwa chumvi 34.4 ni karibu mivunjiko 2.39 ya atomi kwa dakika kwa lita. Thoriamu ikiwa chini ya hapo, chembe zimeondoka nayo.

Chota lita 4 kwa kila kina. Tia asidi ya nitriki na kiasi kinachojulikana cha thoriamu 230, subiri saa kadhaa isambae. Pandisha pH hadi 8 na kidogo kwa amonia, tia pamanganeti ya potasiamu na kloridi ya manganizi. Tope la kahawia litajitenga na kubeba thoriamu yote. Liache usiku kucha, chuja kwa karatasi ya kwatzi, kausha, hesabu miale ya beta. Baada ya miezi 6 hesabu tena karatasi ile ile, na utakachokiona hapo ni mandharinyuma ya kuondoa. Wanaoruka hesabu ya pili wanaandika thoriamu nyingi kupita kiasi, na mzamo mdogo kuliko uliopo.

Upungufu wa thoriamu uzidishe kwa uwiano wa kaboni na thoriamu kwenye chembe kubwa, zilizonaswa na pampu ya majini kwenye wavu wa mikromita 53. Na msitegemee kituo kimoja. Mwani ukiwa unashamiri, hesabu inayodhani mambo yametulia hupunja mzamo. Mwani ukishaondoka, huuzidisha. Rudi mahali palepale baada ya wiki mbili au tatu.

Jahazi_la_Kusini

Wakuu nafuatilia. Kama chuma ndicho kinachokosekana, kwa nini isimwagwe chuma baharini tumalize tatizo la hewa ukaa?

Mkondo_Baridi

Limejaribiwa mara kadhaa, ndugu, na majibu hayafanani. EIFEX ya 2004 ilimwaga chuma ndani ya mzunguko wa maji wa Bahari ya Kusini wenye silika ya kutosha. Diatomu walishamiri, wakashikamana, na angalau nusu ya mmeo huo ilizama kupita mita 1000. LOHAFEX ya 2009 ilifanywa penye silika haba. Diatomu hawakuweza kujenga ganda, ukaota mwani laini, ukaliwa, na karibu hakuna kilichozama. Chuma kilekile, matokeo mbalimbali.

Tena kaboni inayozama inaondoka na nitrati na fosfati ambazo zingelisha maji ya kaskazini. Tangu 2008 nchi wanachama wa Mkataba wa London, wa kuzuia utupaji taka baharini, zimekubaliana kwamba urutubishaji wa bahari usio wa utafiti halali usiruhusiwe, na mimi naunga mkono. Bahari ya Ross yenyewe ina hifadhi ya kilomita za mraba milioni 1.55 tangu Desemba 2017.

Jahazi_la_Kusini

Hizo nitrati za kaskazini zinafika hadi kwetu Bahari ya Hindi?

Mkondo_Baridi

Zinafika. Maji yanayozama kaskazini ya mkondo unaozunguka Antaktika hutambaa chini ya maji ya joto ya bahari zote kusini ya dunia. Jorge Sarmiento na wenzake walikadiria 2004, kwa modeli, kwamba virutubisho vyake vinabeba robo tatu hivi ya uzalishaji wa bahari kaskazini ya latitudo 30 kusini. Na maji mazito ya sakafuni ya Antaktika hupita Mlango wa Amirante, karibu na Shelisheli, kuingia bonde la Somalia.

Binti_Mawimbi

Basi nifunge hesabu ya kituo cha Mzee: gramu 40 zimenaswa. Niziandike "zimehifadhiwa" kiasi gani?

Kina500

Hakuna, mpaka ujue maji yenyewe yanakwenda wapi. Kaboni iliyopumuliwa kwenye mita 200 au 400 juu ya ukingo iko ndani ya maji ambayo baridi inayachanganya, sehemu nyingi hadi sakafuni. Hiyo inarudi juu msimu uleule. Iandike "imerejeshwa".

Isipokuwa upande wa Terra Nova. Pale barafu inaganda na kusukumwa baridi nzima, chumvi inabaki nyuma, na maji yanakuwa mazito kiasi cha kushuka na kutiririka kwenye bonde la Drygalski kuelekea Rasi Adare, mwisho wa bahari hii kaskazini-magharibi, kisha kuporomoka kwenye mteremko na kuwa sehemu ya maji ya sakafuni. Kaboni iliyomo humo haitaona hewa kwa karne kadhaa. Kwa hiyo kwenye hesabu yako usiandike kina peke yake. Weka chumvi ya maji ya chini na joto lake: yakiwa karibu na nyuzi za kuganda na chumvi imepita 34.6, hiyo ndiyo kaboni ya kufuatilia hadi Rasi Adare. Na sampuli zake uchukue Februari na, ukipata meli, Aprili, polinya ikiwa imeanza kazi.

Chupa_Niskin

Aprili chupa zinaganda kwenye bomba kabla hazijachotwa. Vyumba vya kuchotea viwe na joto kidogo, bomba za silikoni ziwe fupi, na anza na chupa ya kina kirefu, maana maji ya chumvi kali yaliyo karibu na kuganda yanatengeneza vipande vya barafu ndani ya dakika chache, na kipande kimoja tu kinatosha kuharibu chumvi na ualkali wa sampuli nzima.